Taka Isifike Tankini: Kukinga Maji ya Mvua Kinoo

Mijakaranda ya Kinoo, Uthiru na Kabete, magharibi mwa Nairobi, huchanua kati ya Septemba na Novemba, na maua yake huanguka juu ya mabati majuma yale yale ambayo watu wanaanza kuitazamia mvua ya vuli. Mvua ya kwanza ikishuka, inasomba kila kitu: maua, vumbi jekundu la miezi ya ukavu, kinyesi cha njiwa, majani ya mukima (mti wa grevilea), na ule moshi mweusi wa malori ya barabara kuu ya Waiyaki Way ulioganda juu ya bati. Vyote vinaingia kwenye gata, vinashuka na paipu na kutua tankini. Baada ya majuma matatu mwenye nyumba anafungua mfereji wa tanki na kupata maji ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya kidimbwi. Wengi hulaumu tanki, au hulaumu mvua ya Nairobi kwamba ni chafu. Mvua huwa imeshuka ikiwa safi vya kutosha, na tanki limehifadhi kile lililopewa. Kosa liko katika zile mita chache kati ya ukingo wa paa na mdomo wa tanki, na hapo ndipo ningependa tukae leo.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu maji ya paipu upande huu huja kwa zamu, na zamu ikikosa tunanunua mitungi ya mkokoteni au tunaita lori. Na hali juu ya vichwa vyetu kunapita mali. Eneo hili hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mita 10 kwa 6 hupokea basi lita 60,000 kwa mwaka; ukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayomwagika, yanayokauka na yale tutakayoyatupa kwa makusudi, zinabaki lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Upande huu wetu uliinywesha Nairobi muda mrefu kabla haijapewa hadhi ya jiji mwaka 1950: maji ya chemchemi za Kikuyu yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kupelekwa mjini, na kinamasi cha Ondiri, kilomita chache kutoka hapa, ndicho chanzo cha Mto Nairobi. Leo jiji hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini, mbali huko Murang'a, na sisi tulio kando ya barabara kuu tunapanga foleni ya mitungi huku mvua ikimwagika mtaroni.

Shauri langu kubwa ni hili: taka itolewe mapema, itolewe ikiwa kavu, na maji yasilazimishwe kupita ndani ya taka iliyokwisha kunaswa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Watu wengi huweka kichujio, wakaridhika. Kichujio kinanasa majani, majani yanakaa pale pale, na mvua ya kesho na keshokutwa inapita katikati yake. Majani ya chai yakibaki ndani ya chujio na wewe ukaendelea kumimina maji ya moto juu yake, unajua kitakachoshuka kikombeni. Majani ya mukima na maua ya jakaranda hayahitaji hata moto. Siku mbili tatu za unyevu zinatosha kuyaozesha na kuachia rangi, harufu na chakula cha vijidudu, na hivyo vyote hupita kwenye tundu lolote la wavu. Kwa hiyo kichujio kizuri ni kile kinachoitema taka yake chenyewe, au kile ambacho mtu anaweza kukifikia na kukikung'uta kila baada ya mvua bila kutafuta ngazi.

Tuanzie juu. Kabla ya kununua wavu wowote, tazama matawi yanayoning'inia juu ya paa. Sisemi mti ukatwe. Kinoo imekwisha kupoteza miti mingi kwa maghorofa, na kivuli kilichobaki ni cha thamani. Lakini tawi lililolala juu ya bati linaweza kupogolewa mpaka pabaki nafasi ya mita mbili hivi kati yake na paa. Faida ni zaidi ya majani: panya na paka hupoteza njia ya kupandia, na ndege hupungukiwa na pa kutua juu ya paa lako. Fanya kazi hiyo mwezi wa Februari au Agosti, kabla ya misimu miwili ya mvua, wala usingoje mpaka fundi awe anaitwa na kila mtu mtaani.

Kisha gata. Gata nyingi ninazoziona zimefungwa sawasawa kabisa, bila mteremko, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyopendeza kwa macho. Gata iliyolala haijisafishi. Maji hubaki kama dimbwi refu jembamba, majani yanalowa humo, mbu wanataga, na mvua inayofuata inasukuma uchafu wote huo kwa pamoja. Mwambie fundi ashushe sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye paipu. Kwa gata ya mita 10 hiyo ni sentimita 10 tu, na mtu aliyesimama uani hataona kasoro yoyote. Kuhusu ukubwa, kuna kanuni nyepesi ya mafundi wa maji ya mvua: kwa kila mita ya mraba ya paa, gata iwe na sentimita moja ya mraba ya nafasi ndani yake. Paa la mita za mraba 60 lahitaji gata yenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 6, na ukizidisha kidogo hutajuta siku ya mvua kubwa ya Aprili.

Madukani wanauza nyavu za kulaza juu ya gata kwa urefu wake wote. Zinafaa mahali penye majani makubwa, kama chini ya mparachichi, kwa kuwa jani kubwa hukauka juu ya wavu na upepo ukalipeperusha. Chini ya mukima sizipendekezi hata kidogo. Jani la mukima limechanikachanika. Ncha zake huingia kwenye matundu na kushikana moja kwa jingine mpaka panatandikwa mkeka. Maji yanaruka juu ya mkeka na kumwagika nje ya gata, na siku ya kusafisha itabidi ung'oe wavu wote, mita baada ya mita, ukiwa juu ya ngazi. Sindano za misonobari na misaipresi zina tabia hiyo hiyo. Ikiwa miti yako ni ya namna hiyo, iache gata wazi, isafishe kwa mkono mara mbili kwa mwaka, na uweke nguvu zako kwenye kituo kinachofuata.

Kituo hicho ndicho moyo wa kazi yote: chujio la mteremko kwenye paipu inayoshuka. Kata paipu hiyo katika kimo ambacho mkono wako unafika ukiwa umesimama chini, usawa wa kifua au macho, mradi pabaki juu ya mdomo wa tanki. Kama tanki ni refu na mdomo wake uko juu ya kichwa chako, basi angalau chujio liwe upande ambao mtu anaweza kusimama kwenye ngazi fupi kwa usalama. Chini ya mkato huo weka kisanduku au faneli pana, na juu ya kisanduku laza wavu wa waya ulioinama nyuzi 45 au zaidi. Maji yakigonga wavu, yanashika waya na kudondoka ndani. Jani halina pa kushika, linateleza na kuanguka nje, chini, likiwa nusu kavu. Mvua ikikatika wavu hukauka, na kilichosalia juu yake unakifagia kwa mkono.

Wavu wenyewe usiwe wa matundu madogo mno. Ule wa waya unaotumika kutengenezea vitanda vya kuanikia kahawa, ambao katika Kiambu hii si kitu kigeni, hufanya kazi nzuri. Kipimo changu ni punje ya maharagwe: isipite. Ukianza na wavu mwembamba kama wa dirishani, ua moja la jakaranda lililolowa linatosha kuziba sehemu nzima, na maji yatateleza nje pamoja na majani. Mdomo wa paipu ya juu uwe sentimita 5 hivi kutoka kwenye wavu, na uelekee upande wa juu wa mteremko, ili maji yapate nafasi ya kupenya kabla hayajafika ukingoni. Ukiliacha pengo kubwa, maji yataruka na kutapakaa ukutani. Ukiubana sana mdomo, majani yatakwama hapo hapo.

Asiye na fedha ya kisanduku cha bati au cha plastiki anaweza kutumia mtungi wa lita 20 uliochakaa. Uukate kwa mshazari upande wa kitako, uugeuze shingo iangalie chini, shingo iingie kwenye paipu ya kwenda tankini, na wavu ufungwe kwa waya juu ya ule mkato wa mshazari. Kwa paa dogo kama lile la mita za mraba 60 shingo ya mtungi inapitisha maji ya kutosha hata mvua ikiwa kubwa. Jua litaukausha na kuupasua baada ya muda, basi upake rangi au uuweke kivulini, na uwe tayari kuubadilisha. Usitumie mtungi uliobeba dawa ya mimea au mafuta ya gari, hata ukiwa umeoshwa mara ngapi.

Chini ya wavu huo wa kwanza, ndani ya kisanduku, unaweza sasa kuweka wa pili wenye matundu ya milimita moja au pungufu, ule ule wa kuzuia mbu madirishani. Huu hunasa chembe za kutu, mbegu, vipande vya wadudu, na zile changarawe ndogo zinazobanduka kwenye mabati yaliyopakwa mawe. Uwekwe kwenye fremu inayochomoka, kwani utahitaji kuusuuza mara kwa mara. Mpangilio huu wa mkubwa kwanza, mdogo baadaye, haugeuzwi.

Hata hivyo hakuna wavu unaozuia vumbi laini, masizi wala kinyesi cha ndege kilichoyeyuka. Hivi havichujwi, hivi hutupwa. Maji ya mwanzo ya kila mvua ndiyo yanayoosha paa, na hayo hayana budi kuelekezwa kwingine. Kadiria lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa: paa letu la mita za mraba 60 litupe lita 60 za kwanza, sawa na mitungi mitatu. Baada ya kiangazi cha Januari na Februari, mvua ya kwanza ya Machi naitupa maradufu, kwa sababu vumbi la miezi miwili haliondoki kwa milimita moja. Najua inauma kumwaga maji baada ya kusubiri mvua muda wote huo. Lakini lita 120 zilizomwagwa zinalinda lita 5,000 zitakazokaa ndani ya tanki, na zenyewe hazipotei: zipeleke kwenye sukuma wiki, kwenye ndizi, au kwenye pipa la kupigia deki.

Namna ya kuyatupa bila mtu kusimama mvuani ni rahisi. Kabla paipu haijafika tankini, tia kiungo cha tii, na tawi lake moja literemke kwenye pipa lililofunikwa au kwenye kipande kirefu cha paipu nene kilichofungwa mwisho. Maji machafu ya mwanzo yanajaza pipa hilo. Likijaa, maji yanayofuata hayana pa kwenda ila tankini. Hapa mafundi wengi hupunja. Wanafunga kipande cha paipu ya inchi 4 yenye urefu wa mita moja, wakasema kazi imekwisha. Kipande hicho kinashika lita 8 au 9 tu, na hakitoshi hata kuosha sehemu ya sita ya paa letu. Paipu ya inchi 6 inashika lita 18 hivi kwa mita, kwa hiyo ungehitaji zaidi ya mita tatu. Kwa nyumba nyingi za hapa pipa la lita 100 ni nafuu zaidi. Chini ya pipa toboa tundu la milimita 2 au 3 ili maji yatoke polepole, na kesho yake pipa liwe tupu likisubiri mvua nyingine. Tundu hilo huziba kwa matope, na likiziba pipa hubaki limejaa, mfumo mzima unakuwa kama haupo. Liangalie kila Jumamosi wakati wa mvua. Ni kazi ya dakika moja na kijiti.

Niseme neno kuhusu manyunyu ya Julai. Wakati wa baridi Kinoo hupata ile mvua nyepesi ya ukungu inayolowesha tu, isiyotiririka. Manyunyu hayo hulainisha uchafu wa paa na kuuburura hadi kwenye gata bila nguvu ya kuupeleka mbali, kisha unaganda hapo. Yasikingwe. Paipu ya kwenda tankini ifungwe au igeuzwe kando miezi hiyo, na gata zisafishwe Septemba mwishoni kabla ya vuli kuanza.

Tankini penyewe kazi iliyobaki ni ndogo, ila ina mambo yanayosahauliwa. Mdomo wa kuingizia maji na paipu ya kumwagia ziada vyote vifungwe wavu wa mbu. Watu hufunga ule wa juu na kuacha paipu ya ziada wazi, na mbu, mjusi na hata panya hupitia huko. Mwanga usiingie, maana maji yaliyotulia yakipata jua huota ukijani, na ndiyo sababu hata tanki jeusi lifunikwe barabara. Paipu inayoingiza maji ishuke mpaka karibu na sakafu ya tanki kisha ipindishwe iangalie juu, ili maji mapya yaingie kwa upole bila kuvuruga tope lililolala chini. Na mfereji wa kuchotea uwe juu ya sakafu kwa sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa hata ufanye nini, tope kidogo litakuwepo, na heri libaki pale lilipolala.

Wenzetu wa pwani walikuwa na hesabu hizi karne nyingi kabla ya matanki ya plastiki. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina birika kubwa la kukingia mvua, kwa kuwa ngome iliyozingirwa haiwezi kutuma watu kisimani. Katika nyumba za mawe za Lamu birika la chooni lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure likizamishwa sakafuni ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Sipendekezi samaki ndani ya tanki la plastiki la Kinoo, kwani samaki naye hunya. Ila lile wazo la kushughulikia kila kiumbe kinachoweza kuishi ndani ya maji, tangu birika linapojengwa, ndilo linalokosekana kwa mafundi wetu.

Vipi kuhusu kitambaa? Kinamama wengi hapa hufunga leso au kitambaa cheupe kwenye mdomo wa ndoo, na ninawaunga mkono, kwa masharti. Mwaka 2003 mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya vijijini Matlab, Bangladesh, ambako wanawake walichuja maji ya mito na madimbwi kwa sari kuukuu zilizokunjwa mara kadhaa. Kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, asilimia 48. Siri yake ni kwamba viini vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea majini, na viumbe hao hunaswa na kitambaa. Kitambaa kikuukuu kilifanya vizuri kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zilizofuliwa mara nyingi hulegea na kujaza matundu. Basi leso kuukuu iliyokunjwa mara nne ina kazi ya kweli. Lakini ikunjuliwe na kusuuzwa baada ya kila ndoo chache, ioshwe kwa sabuni mwisho wa siku na ianikwe juani ikauke kabisa. Leso iliyoachwa mdomoni mwa tanki kutoka Machi hadi Mei imekuwa shamba la ukungu, na kila lita inayopita inabeba kitu chake.

Na tuelewane juu ya kile ambacho vichujio vyote hivi haviwezi. Viini vya kinyesi cha ndege ni vidogo mno kwa wavu na kwa leso. Maji ya kunywa yachemshwe, na kwa kuwa tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yaache yatokote dakika tatu nzima. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Klorini nayo huliwa na uchafu: maji yenye rangi ya majani huimaliza dawa kabla haijavifikia viini. Ndiyo maana nasisitiza jani litolewe kabla halijalowa. Kila kilichozuiwa juu kinaipunguzia dawa kazi huku chini.

Paa la asbesto ni habari nyingine. Lipo bado kwenye nyumba za zamani za Kabete na Kikuyu. Usilisugue, usilipande, usilikwangue ukungu ili upate maji safi, maana nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa mapafuni huleta ugonjwa mbaya. Maji yake yatumike kwa kudeki na bustani tu mpaka siku paa litakapoondolewa na watu wenye idhini.

Kuna jambo moja ambalo kwalo maji ya mvua yanayashinda maji ya visima. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nairobi na Kiambu yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na kipimo cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia tunayajua. Floraidi haichujwi kwa wavu, kwa leso wala kwa kuchemsha. Kuchemsha kunaizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kwa hiyo familia yenye tanki dogo lisilotosha kila kitu iyatenge maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanaota, na maji ya kisima yaende kwa kufulia. Ukichanganya nusu kwa nusu, floraidi nayo unaipunguza karibu nusu.

Wapangaji wa maghorofa mtaniuliza, sisi tusio na paa? Wengi wenu mna balkoni na mna beseni. Maji yanayotiririka kwenye ukingo wa slabu yamepita juu ya nguo zilizoanikwa, matanki, na kinyesi cha ndege, na hakuna aliyetupa ya mwanzo. Yakinge baada ya mvua kunyesha kwa nguvu robo saa, yapitishe kwenye leso, uyatumie chooni na kwa deki. Kwa kunywa yasiguswe. Jambo la maana zaidi ni kumwendea mwenye nyumba mkiwa wengi. Ghorofa lenye paa la mita za mraba 300 hupokea lita 300,000 kwa mwaka, na gharama ya gata, chujio la mteremko na pipa la kutupia ni ndogo ikilinganishwa na malori ya maji anayoyaita kila Januari. Mwambie kwa hesabu, mama au baba mwenye nyumba atasikia hesabu haraka kuliko malalamiko. Na mwafikiane mapema ni nani atakayefagia wavu: mlinzi, mwangalizi wa nyumba, au wapangaji kwa zamu. Mfumo mzuri usio na mtu wake hufa msimu wa kwanza.

Kuosha tanki kufanyike mara moja kwa mwaka, Februari mwishoni, maji yakiwa yamepungua. Tanki dogo lilazwe ubavu, lisuguliwe kwa ufagio wa mpini mrefu na lisuuzwe, bila mtu kuingia ndani. Tanki la chini ya ardhi au kubwa lisilogeuzwa lina hatari ya kweli: taka iliyooza humo hula hewa, na mtu anaweza kuzimia kabla hajapata nafasi ya kuita. Mifuniko ifunguliwe saa kadhaa kabla, anayeshuka afungwe kamba kiunoni, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu za kumvuta, wasiondoke hata kwa kuchukua simu. Mtoto asitumwe humo kwa sababu eti ni mdogo na anapenya. Tope litakalotoka ulimwage shambani, na ulitazame kwanza: likiwa jingi na lina vipande vya majani, wavu wako wa juu una tundu au hauinami vya kutosha, likiwa laini na jekundu tupu, pipa lako la kutupia maji ya kwanza ni dogo, liongeze kabla ya Machi.